Jina la Ugonjwa Kwenye Ripoti: Miaka Mingi ya Kutafuta Kiwango Kimoja

Wasomaji wangu, leo siandiki kuhusu Linux wala simu mpya. Nimewahi kulalamika hapa mara nyingi kuhusu viwango: kwa nini tarehe 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwenzake, kwa nini barua pepe yenye herufi za kigeni hufika ikiwa imejaa alama za kuuliza. Leo nataka kuwaonyesha vita vya viwango vya muda mrefu zaidi, ambapo watu wawili wasipoelewana anayeumia si tarakilishi. Ni historia ya jinsi wanapatholojia walivyojaribu kukubaliana waiteje, na waiandikeje, saratani ya tezi za mlango wa kizazi.

Mimi si daktari, ninaandika programu. Lakini nimesoma mengi juu ya jambo hili na kila ukurasa ulinikumbusha kazi yangu.

Kwanza tuelewane. Mwanapatholojia ni yule daktari ambaye mgonjwa hamwoni kamwe. Anapokea kipande cha nyama kilichokatwa, kinakatwa tena kuwa utando mwembamba sana, kinalazwa juu ya kioo, kinatiwa rangi, naye anakitazama kwa hadubini na kuandika ripoti. Daktari wa upasuaji anaisoma ripoti hiyo na kuamua: kukata, kutokata, kukata kiasi gani.

Mlango wa kizazi nao una ngozi za aina mbili. Upande wa nje umefunikwa na seli bapa, zilizopangwa kama vigae. Upande wa ndani una tezi zinazotoa ute. Saratani nyingi za hapo huanzia kwenye seli bapa. Zile za tezi huwa kati ya asilimia 10 na 25 hivi, kutegemea umehesabia nchi gani na miaka gani. Ndizo ninazozizungumzia.

Sasa kisa ambacho huenda unakijua nusu. Mapema mwaka wa 1951, Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, alifika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Kipande cha uvimbe kilikatwa, kikatazamwa, ripoti ikasema ni saratani ya seli bapa. Sehemu nyingine ya uvimbe ule ule ilipelekwa kwenye maabara ya George Gey bila mwenyewe kuombwa ruhusa, na humo seli zikaanza kuongezeka bila kukoma. Hizo ndizo seli za HeLa, ambazo zimetumika katika maabara za dunia nzima tangu hapo. Yeye alifariki tarehe 4 Oktoba 1951 akiwa na miaka 31.

Nusu ya pili ni hii. Gey alifariki mwaka wa 1970, na mwaka wa 1971 wenzake wa Johns Hopkins wakaandika makala ya kumkumbuka. Walipoitazama tena patholojia ya uvimbe ule waligundua kwamba haukuwa wa seli bapa. Ulikuwa wa tezi. Seli maarufu kuliko zote duniani zilikuwa zimetembea na jina lisilo lake kwa miaka 20!

Walioandika makala hiyo walieleza pia kwamba kwa mgonjwa mwenyewe jina sahihi halingebadilisha kitu, kwa kuwa wakati ule saratani zote mbili zilitibiwa kwa radiamu. Ninawaamini. Lakini hebu tulia hapo kidogo, kwa sababu kwangu hiyo ndiyo sentensi inayoeleza historia yote inayofuata. Ikiwa majina mawili yanapeleka mgonjwa kwenye chumba kile kile, hakuna anayekosa usingizi kwa sababu ya jina. Mwanaprogramu yeyote anajua sehemu ya hifadhidata isiyosomwa na programu yoyote hujaa takataka. Jina huanza kusafishwa siku ambayo uamuzi fulani unalitegemea.

Wala si kwamba kazi ya kutambua ni nyepesi. Saratani ya tezi ina tabia ya kujifanya kitu kingine. Mwaka wa 1870 Mjerumani Gusserow alieleza uvimbe wa ajabu wa mlango wa kizazi ambao tezi zake zilionekana karibu sawa na tezi nzima, ila ulikuwa unaua. Jina lake la zamani la Kilatini lilikuwa na maana ya uvimbe mpole ulio mkali, yaani jina linalojipinga lenyewe. Mwaka wa 1975 Silverberg na Hurt walipendekeza uitwe saratani ya tezi iliyopotoka kidogo tu. Hatua ya mwanzo kabisa, ambapo seli za tezi zimeharibika lakini bado hazijavunja ukuta, ilielezwa vizuri na Friedell na McKay mwaka wa 1953. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiipita.

Tuje kwa kipimo cha kufuta seli, kile kilichopewa jina la George Papanicolaou. Alichapisha kazi yake kubwa pamoja na Herbert Traut katika miaka ya 1941 na 1943. Matokeo aliyapanga kwa madaraja matano, kutoka la kwanza (hakuna shida) hadi la tano (saratani bila shaka). Ukisikia ni rahisi na safi, umeingia mtegoni. Kila maabara ilichukua madaraja hayo ikaongeza yake katikati, na daraja la tatu la mji mmoja halikuwa daraja la tatu la mji mwingine. Namba moja, maana nyingi. Nani kati yetu hajawahi kuona jedwali lenye safu iitwayo "hali" ambapo 3 ina maana tofauti katika kila ofisi?

Kilichowaamsha Wamarekani hakikuwa mkutano wa wataalamu, kilikuwa gazeti. Mwaka wa 1987 Walt Bogdanich wa Wall Street Journal aliandika kuhusu maabara ambazo wafanyakazi wake walilipwa kwa idadi ya vioo, wengine wakivibeba hadi nyumbani, na wanawake waliopewa majibu ya "sawa" kumbe wanaugua. Alipata tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1988. Mwaka huo huo bunge la Marekani likapitisha sheria ya maabara, na kanuni zake zikaweka kikomo: mtu mmoja asitazame zaidi ya vioo 100 kwa saa 24. Desemba 1988 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwakusanya wataalamu mjini Bethesda, wakazika yale madaraja matano na kuweka maneno yaliyokubaliwa. Mfumo huo unaitwa Bethesda hadi leo.

Katika mfumo huo seli za tezi zilikuwa kama mtoto wa kambo. Zile zenye mashaka zilipewa kifupi AGUS, nazo seli bapa zenye mashaka zilikuwa ASCUS. Ona yanavyofanana! Daktari aliyezoea kwamba ASCUS mara nyingi huwa jambo dogo aliiona AGUS akaichukulia vivyo hivyo, ilhali seli za tezi zenye mashaka huficha jambo zito mara nyingi zaidi. Mwaka wa 2001 mfumo ulipofanyiwa marekebisho, AGUS ilifutwa, na ile hatua ya mwanzo ya saratani ya tezi ikapewa nafasi yake yenyewe. Mnaopenda mambo ya mtandao mtafurahia hili: rasimu ya 2001 iliwekwa kwenye intaneti ili wataalamu waijadili, maoni zaidi ya 1,000 yakapitiwa, kisha watu zaidi ya 400 kutoka nchi zaidi ya 20 wakakutana. Ni karibu sawa na vile viwango vya intaneti yenyewe vinavyotengenezwa.

Lakini Bethesda ilihusu seli zilizofutwa. Kipande cha nyama kilichokatwa kina kitabu chake, orodha ya uvimbe ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Toleo la kwanza la uvimbe wa viungo vya uzazi vya kike lilitoka mwaka wa 1975, na mengine yakafuata 1994, 2003 na 2014. Katika hayo yote saratani za tezi zilipangwa kwa sura. Hii inafanana na utumbo, iite ya utumbo. Hii inafanana na ukuta wa mji wa mimba, ipe jina hilo. Hii ina ute mwingi, hii ina vidole vidole.

Tatizo la sura ni kwamba kila mtu ana macho yake. Seli zikiwa na ute mchache, mmoja anaandika ni ya kawaida, mwenzake anaandika ni ya sura ya mji wa mimba, na wote wawili wana kitabu kile kile mezani. Tena orodha haikumwambia daktari wa upasuaji afanye nini tofauti. Alipata jina refu, akaenda kufanya kile ambacho angefanya bila jina.

Wakati huo huo, mahali pengine, jibu lilikuwa linajengwa. Mwaka wa 1983 kikundi cha Harald zur Hausen huko Ujerumani kilitangaza kirusi cha HPV aina ya 16 katika saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka wa 1984 aina ya 18. Aina hiyo ya 18, ambayo hupatikana sana kwenye saratani za tezi, ilikutwa pia ndani ya seli za HeLa. Zur Hausen alipata Nobel mwaka wa 2008. Watu wengi wakaanza kuamini kwamba saratani yote ya mlango wa kizazi ni ya HPV, basi.

Si yote. Wanapatholojia wa Japani, ambako uvimbe huu huonekana zaidi, walikuwa wakitazama saratani ya tezi ambayo ute wake ni kama wa tezi za tumbo la chakula. Mwaka wa 2007 Kojima, Mikami na wenzao walionyesha kwamba wagonjwa wenye sura hiyo wanapona kwa uchache zaidi kuliko wengine wa saratani za ute. Baadaye ikawa wazi kwamba aina hii haina HPV kabisa, na kwamba ule uvimbe wa Gusserow wa 1870 ni wa ukoo huo huo.

Fikiria maana yake. Mwanamke wa aina hii anaweza kupimwa HPV akaambiwa hana. Chanjo ya HPV haiwezi kumkinga na saratani hii. Kipande chake kikikatwa, tezi zinaweza kuonekana kama za mtu mzima wa afya. Halafu uvimbe unapenda kwenda mbali, hadi kwenye mayai ya uzazi na utando wa tumbo. Na ripoti inasema tu: saratani ya tezi. Jina lile lile aliloandikiwa jirani yake ambaye ana HPV na ana nafasi nzuri ya kupona. Hapo sentensi ya 1971 ilikuwa imekwisha muda wake. Majina mawili sasa yalipeleka watu mahali tofauti.

Mwaka wa 2018 kikundi cha kimataifa kilichoongozwa na Simona Stolnicu wa Romania na Robert Soslow wa New York kilichapisha pendekezo linaloitwa IECC. Walikusanya vioo vya wagonjwa 409 kutoka taasisi 7. Badala ya kuuliza "inafanana na nini?" waliuliza "imesababishwa na nini?" Kigezo chao ndicho kilichonifurahisha zaidi. Tazama kwa ukuzaji mdogo wa hadubini, hakuna haja ya kusogea karibu. Je, unaona seli zinazogawanyika zikielea upande wa uwazi wa tezi, na vijipande vya seli zinazojifia? Ukiziona kwa urahisi, ni ya HPV. Usipoziona, au ukitafuta kwa shida, si ya HPV, sasa tafuta ni ipi.

Kisha wakajipima wenyewe kwa kutafuta kirusi chenyewe ndani ya seli. Ukiacha vipande vilivyohifadhiwa vibaya, asilimia 95 ya zile za kawaida zilikuwa na HPV, na za kundi lote lisilo la HPV ni asilimia 3 tu. Aina ya kawaida ilikuwa asilimia 73 ya wote, ya tumbo asilimia 10. Na ile ya sura ya mji wa mimba, iliyokuwa na ukurasa wake kitabuni miaka yote hiyo? Walipata 3. Kati ya 409!

Kuna onyo dogo ndani ya takwimu hizo. Protini ya p16 hutumiwa na maabara nyingi kama ishara ya bei nafuu ya HPV. Katika kazi hiyo asilimia 37 ya saratani za kundi lisilo la HPV zilitoa p16. Anayetegemea p16 peke yake atawaweka wanawake hao kwenye kundi lenye matumaini, na hawamo.

Naona uzuri mwingine ambao hausemwi sana. Kigezo kikuu kinahitaji hadubini na rangi mbili za kawaida ambazo kila maabara inazo, moja ikitokana na mti wa Amerika ya Kati. Hakihitaji mashine ya mamilioni. Kiwango kinachotekelezeka kwenye maabara maskini kina maisha marefu kuliko kile kinachodai vifaa, kama vile kurasa za maandishi tu zinavyofunguka kwenye simu ya kila aina. Kazi zilizofuata zilionyesha pia kwamba wanapatholojia tofauti wanakubaliana zaidi wakitumia IECC kuliko orodha ya 2014. Mwaka wa 2020, WHO ilipotoa toleo la tano, ilichukua mgawanyo huo: zinazohusiana na HPV upande mmoja, zisizohusiana nayo upande wa pili.

Jina peke yake halitoshi. Elvio Silva na wenzake walikuwa wameuliza swali jingine mwaka wa 2013: uvimbe unaingiaje ndani ya nyama? Kuna ambao tezi zake bado ni za mviringo, zimekaa kwa makundi, haziharibu jirani. Huo waliuita A. Kuna ambao umeanza kutoboa hapa na pale, B. Kuna ambao unabomoa kila kitu, C. Kati ya wagonjwa 352, wale 73 wa A hakuna hata mmoja aliyekuwa na saratani kwenye vifundo vya limfu. Wa B walikuwa 90, na 4 walikuwa nayo. Wa C, karibu mmoja kati ya wanne.

Kuondoa vifundo vya limfu vya nyonga kunaweza kumwachia mtu miguu inayovimba maisha yake yote. Kwa hiyo herufi moja, A, ikiandikwa na mtu anayejua anachoandika, inampa daktari sababu ya kufikiria upasuaji mdogo. Baadaye ilielezwa wazi kwamba herufi hizi ni za saratani za HPV tu. Ukimpa A mgonjwa wa aina ya tumbo umemdanganya, kwani ule uvimbe huua ukiwa na tezi nadhifu. Mnaona jinsi sehemu moja ya ripoti inavyotegemea nyingine? Mwanaprogramu angeweka kizuizi: kama si ya HPV, funga kisanduku cha Silva.

Na hapo ndipo tunafika kwenye fomu. Niliwahi kuandika programu ya kupokea majibu ya maabara. Sehemu ya patholojia niliyoletewa ilikuwa kisanduku kimoja kikubwa cha maandishi, na ripoti za miaka kadhaa zilikuwa hadithi: nyingine aya tatu, nyingine mstari mmoja. Nilipojaribu kuzihesabu kwa programu ili kujua ni ngapi zimetaja kina cha uvimbe, sikuweza kutofautisha "hakuna" na "hakuandika". Kwa daktari anayepanga upasuaji hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kama Mombasa na Kisumu.

Vyama vya wanapatholojia vya Australasia, Uingereza, Marekani na Kanada viliona jambo hilo hilo, kila kimoja kikiwa na fomu yake. Mwaka wa 2011 vilianzisha ushirikiano wa kimataifa wa kuripoti saratani, ICCR. Fomu zake hutolewa bure na zina sehemu za aina mbili: zile ambazo ripoti bila hizo haijakamilika, na zile zinazopendekezwa. Ya mlango wa kizazi ilitoka mwaka wa 2017 na kurekebishwa mwaka wa 2021. Mwaka huo wa 2021 pia, chama cha kimataifa cha wanapatholojia wa magonjwa ya uzazi kilitoa mapendekezo yake ya saratani ya tezi peke yake, kuanzia namna ya kukata kipande hadi namna ya kupima kina. Kina hicho kina shida yake: seli bapa zikivunja ukuta unaona zilipotokea, lakini tezi ziko ndani ya nyama tangu mwanzo, sasa uvamizi unaanzia wapi? Mapendekezo yanaruhusu kupima unene wa uvimbe pale ambapo chanzo hakionekani, na kuandika kwamba umefanya hivyo. Napenda hiyo ya mwisho.

Kwetu Kenya, makadirio ya GLOBOCAN ya 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 5,236 wa saratani ya mlango wa kizazi na vifo 3,211. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana Oktoba 2019. Kadiri chanjo inavyofanya kazi, saratani za HPV zinatarajiwa kupungua miaka ijayo, na zile zisizo za HPV zitakuwa fungu kubwa zaidi la zinazobaki. Wakati huo neno "saratani ya tezi" tupu litazidi kuwa na hasara.

Rejista za saratani Afrika, yetu ya Nairobi ikiwa mojawapo, huhifadhi aina ya uvimbe kwa namba za ICD-O, ambazo toleo la kwanza lilitoka mwaka wa 1976. Nyingi zinatumia programu iitwayo CanReg, iliyoandikwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO huko Lyon. 8140/3 ni saratani ya tezi bila maelezo zaidi. Sasa kuna 8483/3 kwa ile ya HPV, 8484/3 kwa isiyo ya HPV, na 8482/3 kwa aina ya tumbo. Huwezi kuandika amri ya kubadilisha safu zote za 8140/3 kwa usiku mmoja, maana habari inayotakiwa haimo ndani ya hifadhidata. Imo ndani ya vipande vya nta kwenye makabati ya hospitali, na inahitaji mtu avikate upya, atie rangi, akae kwenye hadubini na kutazama tena kimoja baada ya kingine.